Kipimo cha kotisoli na hofu ya kumpoteza mdogo wako

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 27, tunaishi naye hapa Morogoro. Tangu mwaka jana anasumbuliwa na sonona, na kliniki walimwanzishia fluoksetini. Wiki iliyopita aliniambia, "Dada, natamani nilale nisiamke." Sikujua nimjibu nini, nikamtengea chakula. Halafu nikaona video inayosema kuna kipimo cha homoni ya kotisoli kinachoonyesha mgonjwa wa sonona atakayejiua. Maabara moja imenitajia bei, nami niko tayari kuuza cherehani yangu ili apimwe. Je, ni kweli kipimo hicho kipo? Na mimi mwenyewe nina mtoto wa miezi miwili, nimeambiwa homoni za uzazi nazo zinaweza kunifikisha huko huko.

JIBU: Marahaba, binti yangu. Cherehani usiuze. Kipimo cha damu cha kutenganisha atakayejiua na asiyejiua hakipo, si Morogoro, si Muhimbili, wala si huko Marekani ulikofanyika utafiti mwingi wa jambo hili. Na kwa kuwa mdogo wako ameshayasema maneno yale, yapo ya kufanya leo hii. Usiku asilale peke yake, na umuulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Nitakueleza namna ya kuuliza huko mbele. Akikujibu kwamba ndiyo, na ameshajua atafanyaje au lini, usisubiri tarehe ya kliniki. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, upande wa dharura.

Sasa kuhusu homoni. Aliyetengeneza video ile hakutunga kila kitu, na wewe si mjinga kwa kumwamini.

Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu ndogo inayoitwa haipothalamasi. Mtu akipata msukosuko, sehemu hiyo inaituma tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo pituitari inazituma tezi za adrenali, vijitezi viwili vilivyokaa juu ya figo kama kofia. Adrenali zinamwaga kotisoli kwenye damu: sukari inapanda, mwili unakaa tayari kwa lolote. Kotisoli hiyo ikifika ubongoni inauambia ubongo kwamba imetosha, na amri ya kuimwaga inakoma. Fikiria boya la kwenye simtanki. Maji yakijaa boya linapanda na kufunga, yakishuka linafungua. Kwa baadhi ya watu wenye sonona nzito boya hili linakwama, tangi limejaa lakini maji bado yanaingia. Mtu analala na kotisoli ambayo ilipaswa kuwa imeshuka, anaamka saa tisa usiku, moyo unakwenda mbio, na asubuhi hana nguvu hata ya kunawa uso.

Wazo la kuhusisha jambo hili na kujiua lina zaidi ya miaka sitini sasa. Mwaka 1965 madaktari wawili wa Marekani, William Bunney na Jan Fawcett, waliandika kwamba wagonjwa wao wachache waliokuja kujiua walikuwa na mabaki mengi ya homoni za adrenali kwenye mkojo, na wakauliza kama ingewezekana kupatikana kipimo cha hatari hiyo. Mwaka 1981 Bernard Carroll na wenzake wakatoa utaratibu uliopata umaarufu mkubwa. Mgonjwa anapewa miligramu moja ya deksamethasoni saa tano usiku. Dawa hii inafanana na kotisoli, kwa hiyo ubongo wenye afya unadanganyika kuwa kotisoli ipo tele na kuzuia nyingine isitengenezwe. Kesho yake saa kumi jioni, na tena saa tano usiku, anatolewa damu. Kotisoli ikikutwa bado iko juu, maana yake boya limekwama. Carroll alikuwa anatafuta aina moja tu ya sonona, ile nzito inayomwamsha mtu alfajiri, inayomkatia hamu ya chakula na hata furaha ya kumwona mwanawe. Kwa watu 438 aliowapima, kipimo kilinasa asilimia 67 ya wenye ugonjwa huo.

Halafu likaja tokeo ambalo naamini ndilo mzizi wa video yako. Mwaka 2001 William Coryell na Michael Schlesser walichapisha habari za wagonjwa 78 waliokuwa wamelazwa kwa sonona, wakapimwa kwa njia hiyo, kisha wakafuatiliwa kwa miaka 15. Wagonjwa 32 ambao kotisoli yao haikuzuilika walikadiriwa kuwa na hatari ya kujiua ya asilimia 26.8, na wale ambao ilizuilika asilimia 2.9. Tofauti ni kama mara tisa. Nakumbuka nilivyoisoma makala ile nikiwa bado najifunza kazi hii. Nilidhani tumepata ufunguo.

Ila tazama tena namba hizo. Waliopimwa ni watu 78, wote wagonjwa wa kulazwa, na hatari inayotajwa imesambaa kwenye miaka 15. Wewe unataka kujua kuhusu usiku wa leo na wiki hii, na kipimo kile hakisemi lolote juu ya wiki. Tena hata kati ya wale ambao kotisoli yao ilikataa kuzuilika, wengi hawakujiua.

Na utafiti uliofuata ukaleta mambo yanayopingana. Mwaka 2016 Daryl O'Connor wa Leeds, Uingereza, na wenzake walikusanya tafiti 27 kuhusu kotisoli na tabia za kujiua. Wakizichanganya zote, uhusiano haukuonekana. Walipozitenga kwa umri, tafiti za watu ambao wastani wao ni chini ya miaka 40 zilionyesha waliojaribu kujiua wana kotisoli ya juu zaidi, na zile za watu wa juu ya 40 zikaonyesha kinyume chake, kotisoli ya chini. Wataalamu wengi tunafikiri mfumo ukikaa kwenye msukosuko miaka mingi unachoka, kama mnyama aliyechapwa hadi hashtuki tena. Lakini fikiria maana yake kwa mtu aliyeshika karatasi ya majibu. Juu ni hatari, chini nayo ni hatari. Utamwambia nini mgonjwa?

Hata damu yenyewe ina vurugu zake. Kotisoli hupanda sana asubuhi mtu akiamka na kushuka kabisa karibu na saa sita usiku, kwa hiyo namba iliyochukuliwa saa mbili asubuhi haiwezi kulinganishwa na ya saa nane mchana. Mlinzi wa zamu ya usiku ana saa zake tofauti. Mjamzito, na anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kotisoli yake kwenye damu husomeka juu bila ugonjwa wowote. Mtu aliyekonda haraka, aliye kwenye pombe nyingi, au anayeogopa sindano, naye hivyo hivyo. Na hili lisikupite, kwa kuwa kifua kikuu ni ugonjwa wa kila siku kwetu: rifampisini, mojawapo ya dawa za ugonjwa huo, inalifanya ini liivunje deksamethasoni upesi mno, kipimo kinaonyesha boya limekwama kumbe dawa ya kuzuia imeshaisha mwilini.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo biashara za vipimo hivi zinapowaumiza watu. Alex Pokorny aliwafuatilia wagonjwa 4,800 waliokuwa wanajeshi zamani huko Houston, Marekani, na mwaka 1983 akaripoti kwamba 67 kati yao walijiua. Tuseme tungekuwa na kipimo kizuri kuliko chochote kilichopo leo, kinachonasa 80 kati ya kila 100 wenye hatari na kuwaachia huru 80 kati ya kila 100 wasio nayo. Kingewanasa 54 kati ya wale 67. Kingewanyooshea kidole pia watu 947 ambao hawangejiua. Na 13 wangerudi nyumbani na karatasi inayosema wako salama.

Hao 13 ndio wanaoninyima usingizi. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja aliniletea kijana wake pamoja na bahasha ya maabara. Alikuwa ameikunjua na kuikunja mara nyingi hadi karatasi ikalegea. Kotisoli ilikuwa ya kawaida, na mtu fulani alikuwa amemwambia kwamba hiyo ni dalili njema. Mama alikuwa anatabasamu. Nikamwomba atupishe kidogo, nikavuta kiti karibu na kijana, nikamuuliza, "Unafikiria kujiua?" Akakaa kimya, akachezea kifungo cha shati lake, kisha akasema, "Nimeshachagua siku." Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa ile ile. Tulimlaza mchana huo. Yuko hai, ana mke, na bado anakuja kuchukua dawa zake.

Swali lako la pili, kuhusu wewe mwenyewe, nalijibu kwa uzito ule ule, kwa sababu mama aliyejifungua mara nyingi anajiweka wa mwisho. Wakati wa ujauzito homoni za uzazi, estrojeni na projesteroni, zinapanda sana, na baada ya kujifungua zinaporomoka ndani ya siku chache. Mwaka 2000 Miki Bloch na wenzake huko Marekani walifanya jaribio dogo la kufunza sana. Waliwachukua wanawake 16 wasio wajawazito, nusu yao wakiwa wamewahi kupata sonona ya baada ya kujifungua na nusu hawajawahi. Wote wakapandishiwa homoni kwa dawa kufikia kama mjamzito, kisha zikaondolewa ghafla. Wanawake 5 kati ya wale 8 waliowahi kuugua walipata dalili za sonona. Kati ya wale 8 wengine hakuna hata mmoja. Kwa hiyo kiwango cha homoni kilikuwa kimoja kwa wote, ila ubongo wa wengine ni mwepesi kutikiswa na mabadiliko yake. Ndiyo maana nami sikutumi ukapime estrojeni. Kama usiku hupati usingizi hata mtoto akiwa amelala, unalia bila kujua sababu, unaona mtoto angekuwa salama bila wewe, mweleze nesi wa kliniki ya mtoto kwa maneno hayo hayo. Inatibika. Na mwaka 2019 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza mahususi kwa sonona hiyo, breksanoloni, ambayo ni sawa na kemikali ambayo mwili huitengeneza kutokana na projesteroni. Haijawa dawa ya kwetu, lakini inathibitisha kwamba mama mwenye hali hii anaumwa kweli, hadeki.

Kuna vipimo vya homoni ambavyo mimi naviagiza, na kazi yake si kutabiri. Tezi ya shingo ikifanya kazi chini ya kiwango inaleta uchovu, mawazo mazito, ubaridi mwilini na choo kigumu, na mtu anaweza kutibiwa sonona miezi na miezi bila nafuu kwa sababu tatizo liko shingoni. Kipimo cha TSH, homoni inayoiamrisha tezi hiyo kufanya kazi, kinatosha kuanzia. Kama mdogo wako ameongezeka uzito bila kula zaidi, ngozi imekauka na sauti imekwaruza, mwombe daktari wake aliangalie hilo. Na nijibie hili: ana pumu, au ugonjwa wowote aliopewa prednisoloni? Dawa hiyo ni ndugu wa kotisoli. Uchunguzi wa kikundi cha watafiti wa Boston, Marekani, uliotolewa mwaka 1972 ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa waliopewa hadi miligramu 40 kwa siku za prednisoni, dawa pacha ya prednisoloni, asilimia 1.3 walipata matatizo ya akili. Kwa waliozidi miligramu 80 ilikuwa asilimia 18.4. Kama anaitumia, asiiache ghafla, ni hatari kwa mwili. Amwambie daktari.

Nilikuahidi namna ya kuuliza. Wengi wanaogopa kwamba ukilitaja neno utakuwa umempandikizia wazo. Haiko hivyo, watu waliochunguzwa baada ya kuulizwa hawakuzidi kuwa na mawazo hayo, na wagonjwa wangu wengi huniambia walishusha pumzi mtu alipothubutu kuuliza. Chagua saa ambayo nyumba imetulia. Anza na maneno yake mwenyewe: "Juzi ulisema unatamani ulale usiamke. Nimekuwa nikiyafikiria. Unafikiria kujiua?" Kisha nyamaza. Usimkumbushe mama yenu atakavyolia, usimwambie ni dhambi, usimwambie wenzake wana shida kuliko yeye. Hayo yote anayajua na ameshajilaumu nayo. Akisema ndiyo, mwambie, "Asante kwa kuniambia, tutakwenda pamoja." Muulize ameshapanga nini, na kama kuna kitu ameweka tayari.

Huenda akaficha kwa kuogopa polisi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania ina kifungu kinachofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na kwa maoni yangu kifungu hicho kinaua watu kwa kuwafunga midomo. Kenya, tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu chao cha namna hiyo, cha 226, kinapingana na Katiba. Lakini kuwa na mawazo ya kujiua si kosa, kwao wala kwetu, na daktari hamwiti polisi kwa sababu mgonjwa amesema ukweli.

Halafu zunguka nyumba. Dawa za kuulia wadudu wa shambani, dawa za panya, na dawa zote za hospitali pamoja na za mtoto, ziondoke hapo, ziende kwa jirani au ndugu unayemwamini. Vidonge vyake mpe wewe vya siku moja moja. Usidhani ni jambo dogo. Dhoruba ya kutaka kufa mara nyingi inapanda kwa muda mfupi na kushuka, na mtu akikosa njia karibu naye katika muda huo, wengi hawaitafuti nyingine. Sri Lanka walipozipiga marufuku dawa za kilimo zenye sumu kali zaidi, vifo vya kujiua vilishuka kwa zaidi ya theluthi mbili katika miaka ishirini hivi.

Fluoksetini aendelee nayo. Inachukua wiki kadhaa kufanya kazi, na siku za mwanzo au dozi ikiongezwa wengine hupata kutotulia, mtu hakai chini, halali, anazunguka chumbani. Ukiliona hilo lisisubiri. Kuna dawa nyingine pia, kwa mfano lithiamu, yenye ushahidi wa kupunguza vifo vya kujiua kwa wenye magonjwa ya hisia, na daktari wake anaweza kuifikiria.

Na pesa uliyotaka kuitoa kwenye kotisoli, iwe nauli na vocha. Shirika la Afya Duniani liliendesha jaribio kwa watu 1,867 waliofikishwa hospitali baada ya kujaribu kujiua, huko Campinas Brazili, Chennai India, Colombo Sri Lanka, Karaj Irani na Yuncheng China. Matokeo yalitoka mwaka 2008. Nusu walipata huduma ya kawaida. Nusu nyingine walipewa mazungumzo ya saa moja, kisha wakapigiwa simu au kutembelewa mara tisa katika miezi 18. Waliojiua upande wa huduma ya kawaida walikuwa asilimia 2.2, upande wa waliofuatwafuatwa, asilimia 0.2. Hakuna homoni iliyopimwa. Ndiyo maana nakuomba utafute watu wawili au watatu, mjomba, rafiki yake wa mpira, jirani, mpangiane zamu: huyu anapiga Jumatatu, yule anapita Jumatano jioni wakae nje wanywe chai. Wasiende kumhubiria. Waende tu, na waendelee kwenda hata akisema amepona.

Ukimpeleka kliniki, beba pakiti za dawa zake, uhesabu vidonge vilivyobaki, na uandike kwenye karatasi maneno yale yale aliyokuambia, pamoja na siku aliyoyasema. Wagonjwa wakifika mbele yetu husema "niko poa, daktari," na foleni ni ndefu. Mpe daktari karatasi hiyo mkononi kabla mdogo wako hajakaa.